Pikapu mpya inakurusha? Usiguse springi kabla hujasoma hapa

MzeeWaNyangoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Simu ninazopigiwa na watu waliochukua dabo kebini mpya zinafanana. Gari bado inanukia plastiki, na lalamiko ni moja: nyuma inapiga, inaruka, shemeji amekataa kupanda. Swali nalo ni moja: "Nifunge shokapu gani?"

Jibu langu huwaudhi wengi. Usifunge kitu kwanza. Pikapu nyingi zinazolalamikiwa hazidai pesa, zinadai geji ya upepo na mtu wa kulala chini ya gari kwa nusu saa.

Tuelewane umenunua nini. Gari za daraja hili zimepewa uwezo wa kubeba karibu tani moja, na springi za nyuma zimepigiwa hesabu ya tani hiyo. Wewe umeweka begi la laptop na kreti ya soda. Tairi likipanda tuta, springi ngumu yenye uzito mdogo juu yake haikunji, inanyanyua bodi nzima pamoja na aliyekaa siti ya nyuma. Pakia mifuko kumi ya mbolea ya kilo 50, uone gari ileile inavyotulia hadi ukashangaa.

Halafu kuna msuguano, na hili watu hawalisemi. Springi za nyuma ni majani ya chuma yaliyolaliana. Ili springi ifanye kazi, majani lazima yateleze moja juu ya jingine. Kwenye shimo kubwa nguvu inatosha, yanateleza. Kwenye viraka vidogo vya lami na kokoto haitoshi, kwa hiyo yanabaki yameshikana kama chuma kimoja, na mtikisiko wote unapanda kwenye chesisi. Ndiyo maana mtu anakwambia "shimo inameza vizuri, ila viraka vinanimaliza". Hajakosea, ndivyo springi hiyo ilivyo.

Watengenezaji wanalijua. Hilux ya mwaka 2015 iliongezewa urefu wa springi za nyuma, na toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2020 likapangwa upya springi, bushi (mipira ya maungio ya springi) na shokapu ili litulie likiwa tupu. Nissan waliipa Navara NP300 dabo kebini springi za koili (chuma kilichozungushwa) nyuma badala ya majani, katika masoko mengi. Ikatulia kweli, lakini huko Australia wateja wakalalamika kuwa nyuma inalala ikibeba mzigo au kuvuta trela, ikabidi springi zibadilishwe. Ulaini na mzigo vinavutana. Ukitaka kimoja kizidi, kingine kitapungua, na hakuna duka la kukuuzia vyote viwili.

Sasa kazi yenyewe.

Upepo. Gari mpya husafirishwa tairi zikiwa na upepo mwingi kuliko wa kutembelea, kwa sababu zitakaa zimefungwa melini na kusimama yadini muda mrefu, na tairi laini likisimama hivyo linajitengenezea ubapa. Anayekukabidhi gari ndiye anatakiwa kuupunguza. Wakati mwingine anasahau. Ukienda kwa fundi pancha naye akiona pikapu anakujazia PSI (kipimo cha upepo) 45 au 50 kwa heshima.

Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo ya mlango, kuna kibandiko. Mara nyingi kina mistari miwili: gari tupu au watu wachache, na gari yenye mzigo. Kwa dabo kebini nyingi zenye tairi za kiwandani, mstari wa gari tupu unaangukia kati ya PSI 29 na 35. Pima asubuhi kabla gari haijatembea. Ukipima baada ya safari, joto limeshapandisha namba. Ukitoa upepo hapo ili ufike 30, kesho asubuhi utakuta 26. Na nunua geji yako mwenyewe. Ile ya kituoni imeangushwa chini mara nyingi kuliko unavyodhani.

Vizuizi vya safari. Baadhi ya gari huwekewa vipande kati ya mizunguko ya koili za mbele ili zisichezecheze melini. Vinatakiwa kutolewa kabla hujakabidhiwa. Piga tochi ndani ya matao ya tairi za mbele. Ukiona kipande kimebanwa kwenye koili na hakifanani na cha upande wa pili, au kipo pande zote na mbele iko juu kuliko gari nyingine za aina hiyo, rudi ulikonunua.

Bushi zilizokazwa gari ikiwa hewani. Hapa naomba msome taratibu, maana nimeona gari nzuri zikiharibiwa na kazi ya dakika tano.

Mwisho wa kila springi kuna bushi ya mpira yenye bomba la chuma katikati. Nati ikikazwa, bomba la ndani linashikwa na mashavu ya mkono wa springi, halizunguki tena. Gari ikicheza, mpira ndio unajisokota kidogo huku na huku, kisha unarudi. Sasa fundi amekunyanyulia gari kwa jeki, ekseli inaning'inia, akafungua springi, akarudisha, akakaza hapohapo kwa nguvu zake zote, ndipo akashusha. Gari inaposhuka springi inanyooka, lakini mpira umeshashikwa katika mkao wa kuning'inia. Kuanzia dakika hiyo unakaa umesokotwa muda wote, hata gari ikiwa imepaki. Unakuwa springi ya ziada ambayo hukuiomba. Nyuma inasimama juu kidogo, inakuwa ngumu, na baada ya muda bushi inachanika, inaanza kulia *kwi kwi* kwenye kila tuta.

Dawa haina gharama: shusha gari isimame kwa tairi zake, legeza nati za bushi, itikise bodi mara kadhaa, kisha kaza kwa kipimo cha kitabu. Kama umewahi kufungiwa chochote nyuma tangu ununue gari, anzia hapa.

Maswali yaje.

---

Mkulima_wa_Mngeta

Mkuu umesema kweli. Sisi huku Kilombero tunaweka mifuko miwili mitatu ya mchanga nyuma na maisha yanaendelea. Kuna ubaya?

MzeeWaNyangoro

Inasaidia, hilo halina ubishi. Kilo 100 hadi 150 tu zinabadilisha tabia ya nyuma. Masharti mawili. Mchanga ukae mbele ya ekseli, karibu na kebini, usiusukume kwenye mlango wa nyuma. Na ufungwe. Mfuko usiofungwa, ukishika breki ya ghafla, unakuja kukusalimia kwenye kioo. Mafuta yataongezeka kidogo, na mvua ikinyesha mchanga unazidi uzito, kwa hiyo tandika turubai.

Bwana_Koili

Uzi mrefu wote huu wa nini. Uza, chukua Prado.

MzeeWaNyangoro

Na mbolea utaibeba kwenye siti ya nyuma ya Prado? Haya.

---

Dereva_wa_Naabi

Naongezea kwa upande wa vumbi, maana hapo ndipo ninapopatia riziki. Kipande cha geti la Naabi hadi Seronera wanaokijua wanakijua: mawimbi mwanzo mwisho, gari inatetemeka hadi meno. Ndani ya hifadhi ya Serengeti mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hiyo 50 kwenye mawimbi ndiyo inayokutikisa vibaya zaidi. Wageni wa barabara hizi wanataka kukanyaga wafike 80 ili gari "ielee" juu ya mawimbi. Ukiachilia mbali sheria, gari inayoelea haishiki njia. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi, kona moja tu mkia unatangulia.

Sisi tunashusha upepo. Kama lami natembea na 36, nikiingia vumbi nashuka hadi 26 au 28, tairi linakuwa na tumbo kidogo, lenyewe ndilo linakula mawimbi madogo kabla hayajafika kwenye springi. Nikirudi lami, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, narudisha upepo. Usikimbize gari lami na upepo wa vumbi: tairi linapata moto ubavuni, linapasuka.

MzeeWaNyangoro

Asante Dereva. Sisitiza hilo la kompresa, wengi wanashusha halafu wanasahau. Asiye na kompresa abaki kwenye namba ya kibandiko.

---

MamaNuru_Kihesa

Jamani shikamooni wakubwa. Gari yetu ina miezi michache. Mume wangu anaendesha yeye hasikii kitu, ila mama mkwe akikaa nyuma anafika amekunja uso, mgongo unamsumbua. Na tulipoichukua tu mume wangu akabadilisha tairi, akaweka zile za porini zenye meno makubwa. Tatizo linaweza kuwa tairi?

MzeeWaNyangoro

Marahaba MamaNuru. Linaweza, tena sana. Tazama ubavuni mwa tairi. Kama saizi imeanza na herufi LT, au kuna maandishi ya "10 ply" au "load range E", hilo ni tairi la kubebea mizigo mizito. Ubavu wake ni mnene na haupindi kirahisi. Namba ya uzito nayo inasema: tairi la kawaida la pikapu la 265/65R17 huandikwa 112, maana yake kila tairi linabeba kilo 1,120. Ukikuta 121, ni kilo 1,450 kwa tairi moja. Zidisha kwa nne, kisha jiulize mama mkwe ana kilo ngapi.

Mwambie baba Nuru asiseme "gari haina shida" akiwa amekaa siti ya mbele. Siti ya nyuma ya dabo kebini iko karibu na ekseli ya nyuma na mgongo wake umesimama wima. Akae nyuma yeye safari moja, wewe uendeshe. Kwa sasa mama akae mbele, siti irudishwe nyuma, na mto mdogo kiunoni.

MamaNuru_Kihesa

Nimeenda kuangalia sasa hivi, imeandikwa LT na 121. Upepo sijui.

MzeeWaNyangoro

Basi mmempata mhalifu mmoja. Kwa tairi hilo msifuate namba ya kibandiko moja kwa moja, kwa sababu kibandiko kiliandikwa kwa tairi la kiwandani na LT huhitaji upepo zaidi kidogo kubeba uzito uleule. Mpigieni muuza tairi awape jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo. Na kama hamuingii porini kila wiki, uzeni hayo angali mapya, rudisheni ya kawaida. Mnapotafuta, someni tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT iliyopigwa ubavuni mwa tairi: wiki na mwaka lilipotengenezwa. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa stoo miaka sita mpira wake umeshakauka, hata kama halijagusa lami.

Fundi_Mtwivila

Niongezee kwenye rimu. Wanaonunua gari yenye rimu za inchi 18 wajue wanalipia urembo. 265/60R18 na 265/65R17 kwa nje zinalingana karibu sawa, lakini ubavu wa ile ya 17 una milimita 172 na wa 18 una 159. Hizo milimita 13 ni mpira na upepo ambao ungekubebea viraka. Kuna watu wanabadilishana rimu na wenye toleo la chini, na aliyepata 18 anaondoka anafurahi. Hakikisheni tu 17 inapita kwenye breki zako.

---

Gathogo_wa_Meru

Wadau, huku kwetu Kenya jamaa wa jua kali wananiambia nitoe jani moja la chini, lile nene, ride itakuwa fiti. Mimi sibebi mzigo, ni mimi na bibi na watoto wawili. Nitoe?

Fundi_Mtwivila

Usitoe.

Gathogo_wa_Meru

Boss, sababu?

Fundi_Mtwivila

Lile jani nene la chini kwenye gari nyingi haligusi kazi ukiwa tupu. Limenyooka, liko pale kusubiri mzigo; majani ya juu yakilala ndipo linapoanza kusaidia. Ukilitoa gari ikiwa tupu unaweza usisikie tofauti ya maana, lakini siku ukibeba saruji mifuko 15 nyuma inakaa chini, ekseli inagonga mpira wa chesisi. Angalia kwanza kama kwenye gari yako linagusana na majani ya juu muda wote. Kama kuna nafasi, huyo siye mbaya wako.

MzeeWaNyangoro

Nakubaliana na Fundi nusu. Kuna gari ambazo jani hilo linagusa mapema sana, na kulitoa kunasikika. Ila ukishalitoa umepunguza uwezo wa gari na karatasi zako bado zinasema tani. Ukipata ajali ukiwa na mzigo, bima watauliza. Na fundi akitoa jani lazima aweke bamba la unene uleule mahali pake, au abadili yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) aweke fupi, kwa sababu bila bamba za zamani zitakuwa ndefu na nati zitafika mwisho wa nyuzi kabla hazijabana. Wengi hawafanyi. Wanakaza hadi nyuzi ziishe, wanadhani imeshika.

Kama huwezi kuishi na springi ulizonazo na hubebi mzigo kamwe, ni afadhali ununue seti kamili ya springi laini kuliko kupunguza majani ya kiwandani. Na hapo soma lebo. Chapa za Australia kama Old Man Emu zinauza springi za gari moja kwa madaraja ya mzigo: za gari tupu, za mzigo wa kudumu wa wastani, za mzigo mzito. Muuzaji akiona pikapu anakutolea "heavy duty" kwa sababu jina linauzika. Ukifunga hizo kwenye gari tupu, ndipo utakapojua kuwa za kiwandani zilikuwa laini.

Gathogo_wa_Meru

Sawa, nimekupata. Basi zile puto za upepo wanafunga kati ya springi na chesisi?

MzeeWaNyangoro

Hizo ni za kuinua gari yenye mzigo. Zinaongeza ugumu, hazipunguzi. Na zina hatari yake. Springi ya majani inapeleka uzito kwenye chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Puto linasukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Ukiweka mzigo mzito unaoning'inia nyuma halafu ukaingia rafu, chesisi inapinda hapo kwenye puto. Picha za dabo kebini zilizovunjika mgongo huko Australia zimejaa mitandaoni, na nyingi hadithi yake ni hiyo.

---

Kijana_Ilala

Mzee hujagusa shokapu kabisa. Mimi nataka kufunga za gesi.

MzeeWaNyangoro

Nilikuwa naiweka mwisho makusudi. Shokapu haibebi gari; gari inabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ikishacheza. Kama gari yako ikipita tuta inaendelea kupanda na kushuka, tatizo ni shokapu. Kama inakupiga kofi moja kali halafu imetulia, hiyo ni springi na tairi, na shokapu ngumu zaidi itakuongezea kofi.

"Za gesi" ni neno la dukani. Nyingi za kiwandani nazo zina gesi ya shinikizo dogo. Tofauti ya kuuliza ni bomba moja au mawili. Ya bomba moja, kama Bilstein wengi mnavyoijua, ina mafuta na naitrojeni vilivyotenganishwa na pistoni, kwa hiyo mafuta hayatoki povu hata kwenye mawimbi marefu, na joto linatoka haraka. Udhaifu wake, pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Jiwe likilibonyeza bomba, imekwisha. Ya mabomba mawili ikibonyea kidogo nje, ndani kazi inaendelea, lakini kwenye rafu ndefu inachemka na kupoteza nguvu, unasikia gari imeanza kuogelea.

Dereva_wa_Naabi

Hapo ndipo nilipo. Mawe ya barabara zetu yamenirudisha kwenye mabomba mawili yenye bomba nene. Nikichemsha napumzika.

MzeeWaNyangoro

Na Kijana, zinunue kwa mtu anayekupa risiti yenye namba ya kipuri. Rangi na stika vinaigizwa kirahisi siku hizi.

---

Kijana_Ilala

Kabla sijatoa hela nimepima upepo kama ulivyosema, asubuhi, gari haijaondoka. Mbele 44, nyuma 47. Kibandiko kinasema 29 zote kwa gari tupu. Gari niliikabidhiwa hivyohivyo, sijawahi kugusa!

MzeeWaNyangoro

Weka 30 zote. Tembea nayo wiki nzima kwenye njia zako za kawaida ndipo uamue kuhusu shokapu. Siku ukipakia, rudi kwenye mstari wa mzigo wa kibandiko hichohicho.

Mkulima_wa_Mngeta

Swali la mwisho toka kwangu. Nilifunguliwa springi mwezi uliopita, yubolti mpya. Kuna haja ya kukaza tena?

Fundi_Mtwivila

Ipo. Majani yanajikalia upya na yubolti mpya inalegea. Zikaze tena kwa kipimo baada ya kilomita 500, hasa kama umebeba mzigo. Ukichelewa, msumari wa katikati unaoshika majani unakatika, na ekseli inahama upande. Gari ikianza kutembea kimshazari, simama hapohapo.